Kiti cha Kushoto cha Loretta Kuzmick

Ndani ya ndege kapteni hukaa kushoto, rubani msaidizi kulia. Kutoka kiti kimoja hadi kingine ni kama kunyoosha mkono tu, lakini Loretta Kuzmick alikalia cha kulia miaka sita ndipo akaruhusiwa kuhamia cha kushoto. Na Ijumaa hiyo ya Oktoba, kabla ya saa kumi na moja jioni, alitakiwa aseme kama yuko tayari kukirudia cha kulia.

Kampuni yake, Laurel Ridge ya Pittsburgh, ilikuwa ndogo. Ndege zake za mapangaboi zilipeleka watu kwenye miji midogo kwa niaba ya kampuni kubwa, na rangi zilizopakwa ubavuni zilikuwa za hao wakubwa. Abiria walipoogopa kupanda ndege, baada ya mashambulizi ya Septemba mwaka wa elfu mbili na moja, kampuni kubwa ikawapumzisha marubani wake kwa maelfu: nendeni nyumbani, tutawaita. Miaka miwili ikapita, simu kimya. Ndipo wakubwa wa pande zote wakakaa na kuandika mkataba. Laurel Ridge wangepewa jeti mpya, nzuri mpaka mtu anataka kuzigusa, ila nusu ya viti vya kushoto vingekuwa vya hao waliopumzishwa. Nusu nyingine wangegawiana wenyeji kwa namba ya ukongwe.

Namba hiyo ndiyo kila kitu. Hakuna anayeuliza nani anatua kwa ulaini au nani hajawahi kuchelewa; wanauliza uliingia lini. Mwenye namba ndogo huchagua kwanza ndege, kituo, likizo, hata kama Krismasi atakuwa nyumbani. Loretta alipoajiriwa aliambiwa darasa linaanza Jumatatu. Akaomba aingie la wiki inayofuata, kwa kuwa dada yake alikuwa anaolewa kule Johnstown na yeye ndiye msimamizi wa bibi harusi. Wakamkubalia bila neno. Nani angemwambia? Alicheza polka mpaka viatu vikamvuka, akala keki, na huku nyuma watu ishirini wakaingia mbele yake, na mbele yake watabaki hadi wastaafu. Viti vya jeti vilipogawiwa, wa mwisho kupata alikuwa mtu wa darasa lile aliloliruka.

Kwa hiyo alibakiwa na njia mbili. Aingie kwenye jeti kama msaidizi, awe analala nyumbani siku nyingi, asubiri kiti cha kushoto kifunguke. Au abaki kapteni wa mapangaboi, lakini, kwa kuwa Pittsburgh zingebaki jeti tu, ahamie kituo cha Watertown, karibu na mpaka wa Kanada, ambako theluji hufika madirishani, na awaone mumewe Len na mtoto wao Andy kwa kuibia.

"Mimi sikuamulii, Lori," Len alimwambia asubuhi, akimfungia mkate wake wa nyama. "Lakini mieleka ya Andy shuleni inaanza mwezi ujao, na mimi kupika najua mayai tu."

Mchana alikuwa anajiandaa kuruka kwenda Elmira, mtu akagonga ukuta wa chumba cha marubani, ingawa mlango ulikuwa wazi. Nywele za mvi, tai imenyooka, kitambulisho cha Laurel Ridge bado kinang'aa upya.

"Kapteni, habari za mchana. Naitwa Warren Ostrander. Naomba kiti chako cha kukunja mpaka Elmira, kama utaridhia. Ndiko nyumbani."

Nyuma ya marubani kuna kiti kidogo cha kukunja, na kiti hicho ni cha kapteni kutoa au kunyima. Rubani anayetaka kwenda nyumbani huja mwenyewe, hujitaja jina, hutoa kitambulisho, huomba. Hata awe mkongwe namna gani, huomba.

Tobin Hrabak, msaidizi wa Loretta, kijana wa miaka ishirini na sita, aliinamisha kichwa. "Mwambie ndege nzito," alinong'ona.

"Tuna abiria kumi na tisa tu, Tobin."

"Basi mwambie mimi ndiye mzito."

Loretta alikuwa anakitazama kitambulisho; mvi zile na kadi mpya, huyu alikuwa mmoja wa wale waliopumzishwa. "Jeti unaanza lini, Bwana Ostrander?"

"Jumatatu."

"Kushoto?"

"Kushoto."

Angeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angemuuliza. Wenzake wawili walikwishasema hapana wiki ile na wakasifiwa. Alimrudishia kitambulisho.

"Kaa. Mkanda wa bega unakwama, uvute kwa nguvu."

Walipokwisha kupanda angani na mitambo kutulia, Tobin hakuweza kujizuia. "Mzee, nasikia kule kwa wakubwa mlikuwa mnaletewa nyama ya kuoka na vitambaa vya meza. Huku kuna karanga, na ni za abiria."

"Miaka miwili nimeuza mashine za kukata nyasi, kijana. Karanga ni sherehe."

Loretta hakucheka. "Mwaka wa tisini na saba," alisema bila kugeuka, "sisi tuliomba orodha ya ukongwe iwe moja, nyie na sisi, kila mtu na tarehe yake. Mkapiga kura."

"Tulipiga."

"Wewe ulisemaje?"

"Nilisema hapana. Nilisimama kabisa kikaoni. Nikasema sikusota kote huko nije kupangwa foleni moja na watu wa mapangaboi. Watu wakacheka, nikafurahi kwamba wamecheka."

"Na leo?"

"Leo nina binti chuoni na nimekaa nyuma yako. Unataka nikuambie nini, Kapteni?"

"Kitu kimoja tu. Kampuni kubwa wakikuita, unaondoka?"

"Siku hiyohiyo."

"Watakuita lini?"

Alifungua mdomo kujibu.

"Futi elfu kumi," alitangaza Tobin.

Chini ya hapo marubani hawaruhusiwi kusema lolote lisilohusu kazi. Ostrander, aliyeitii sheria hiyo maisha yake yote, akafunga mdomo.

Walishuka na swali lile limekaa katikati yao kama mtu wa nne. Loretta alijibu redio, akasoma upepo, akateremsha magurudumu, na pembeni ya akili akawa anahesabu. Akiitwa baada ya mwaka, basi ni mwaka mmoja wa kulia, mtu anavumilia, mieleka ataiona, kisha kiti cha kushoto kinafunguka. Miwili pia angejikaza. Vilima vilikuwa vyekundu kwa majani ya vuli. Upepo ulipiga kutoka ubavuni; aliielekeza pua ya ndege upande wa upepo, akainyoosha dakika ya mwisho, magurudumu yakagusa moja baada ya jingine.

Mapangaboi yalipokoma aligeuka. "Enhe."

"Juu yangu kwenye orodha ya kuitwa kuna watu elfu moja na mia mbili," alisema Ostrander. "Hata wakianza kuita kesho, mimi nitafikiwa nikiwa naaga kazi."

"Wenzako wote wanatuambia mwaka mmoja."

"Najua. Hata mimi nawaambia watu mwaka mmoja."

"Mbona mimi hukuniambia hivyo?"

"Umenipa kiti."

Loretta alimtazama. "Kwa hiyo cha kushoto hukiachi."

"Nikikiacha sina pengine pa kwenda." Alisimama, akaunyoosha mkono, kama desturi inavyotaka. "Asante kwa safari, Kapteni."

Aliupokea ule mkono. Tobin aliangalia dirishani.

Kwenye simu ya ukutani ya uwanja, Loretta alianza na tarakimu za nyumbani, akakata. Akaipigia ofisi ya ratiba.

"Nilidhani umetusahau," alisema Bernadette wa ratiba. "Haya mama, jeti kulia au Watertown kushoto?"

"Watertown."

"Una hakika? Kule hata bata wanahama."

"Andika, Bernie."

Kisha akapiga nyumbani. Alipokea Andy, anahema, bado ana begi la shule mgongoni bila shaka.

"Mama, ushachagua?"

"Nishachagua."

"Kulia, si ndiyo? Baba alisema utachagua kulia."

Nje, Tobin alikuwa anaizunguka ndege na tochi, akikagua matairi kwa safari ya kurudi. Loretta aliushika waya wa simu, akauzungusha kidoleni.

"Niitie baba yako kwanza," alisema.