Chujio la Gari la Baba

Kach! Mlio huo niliusikia juzi gereji kabla sijamwona fundi, mkono wake umezama nyuma ya dashibodi, akibadilisha chujio la hewa ya ndani ya gari langu.

Kumbukumbu ikanirudisha Kindu, alasiri moja ya vita, kwenye harufu ya vumbi na jasho la baba. Askari walitaka awaendeshe hadi Kampene.

"Mukono haifike kule, shefu. Bila chujio, gari haiendi," baba aliwaambia, mkono nyuma ya dashibodi.

Nilidhani ameshindwa. Sasa najua gari huenda hata bila chujio hilo. Alikuwa akiwachosha ili wamwache. Lakini siku ile nikapenyeza mkono wangu mwembamba wa mtoto, nikalisukuma mahali pake. Kach!

"Baba, iko tayari!"

"Mutoto njo fundi!" askari wakacheka, eti mimi ndiye fundi, si baba.

Baba hakunikemea. Kwa mara ya mwisho alinifuta vumbi vidoleni, kimoja kimoja. Kisha mlango wa gari ukafungwa nyuma yake.