Kifundo cha Mujomba Asukulu

Niseme tangu mwanzo, na musinitazame hivyo: yule mwanaume wa kwenye picha, mwenye shati kichwani na ulimi nje, anayecheza mbele ya mti kule porini juu ya Fizi, ni mimi. Mimi Selemani, baba wa watoto wanne, mtu anayeheshimika hapa Baraka (basi, aliyekuwa anaheshimika). Mulicheka mulipoisikia, chekeni tena, nimezoea. Lakini hamujui yote, na yale musiyojua ndiyo yananiuma.

Kazi yangu munaijua: nachunga kamera za porini, zile ndogo zinazofungwa kwenye mti na kupiga picha zenyewe kila kitu kikipita, ili wakubwa wa projet yetu ya wanyama wa pori wajue nyama gani bado iko. Tulizifunga kwenye pori la kuwindia la mujomba wangu Asukulu, kaka ya mama, na ni yeye aliyeniombea ruhusa kwa wawindaji wenzake, akasema mbele yao, "Huyu ni mwipwa wangu, nitamujibia." Kamera tatu. Mwezi haujaisha mbili zikaibwa, na musifikiri mwizi alitaka picha, hapana, alitaka pile, zile betri zake, za kuweka kwenye tochi! Chef wetu akanipigia simu: "Selemani, hii ya tatu ikipotea, projet inafunga huko juu, na kazi yako vilevile."

Nikamkimbilia mujomba. Akaniambia polepole, kama kawaida yake, "Ngoja siku ya soko, niite bawinda bote, tubaonyeshe zile mapicha. Muntu akiona nyama ya pori yake ndani ya kamera, ataichunga yeye mwenyewe."

Maneno mazuri, lakini soko lilikuwa Jumamosi na siku ile ni Jumatano, na mi nilikuwa na haraka ya mtu anayejiona amesoma. Nikaitika ndiyo, mujomba, halafu nikaenda kufanya yangu.

Yangu ilikuwa dawa. Si dawa ya kweli (mi siko mufumu, siko mganga, na mke wangu akisikia nimeshika hata hirizi ya mchezo nalala nje), ni kipande cha kitambaa chekundu, manyoya ya kuku na kichwa cha mukeke, samaki wa ziwa, niliyekuwa nimemla mchana, nikavifunga pamoja kwa kamba na kuvining'iniza juu kidogo ya kamera, ili mwizi akifika aone, aogope, akimbie. Na kwa sababu joto lilikuwa kali nikavua shati nikajifunga kichwani, na kwa sababu nilijiona mjanja sana nikacheza kidogo, nikazunguka mti mara mbili nikitoa ulimi. Mtu akiwa peke yake porini anafanya mambo, musijifanye hamujui.

Alhamisi asubuhi mama mmoja aliyekwenda kuokota kuni akaiona. Akaacha kuni, akaacha hata kandambili moja, akateremka na mayowe mpaka kijijini. Kichwa cha samaki wa ziwa, huko juu mlimani! Nani amekipandisha? Kufika mchana bamama wote walikuwa wamekataa kwenda kuchimba muhogo upande ule. Ningesema siku hiyo hiyo, ingekuwa kicheko na kuombana radhi, imekwisha. Sikusema. Nilijiambia, angalau kamera iko salama.

Kilichoniponza ni kifundo. Kule kila mwindaji ana namna yake ya kufunga mtego, ukiukuta unajua ni wa nani bila kuuliza, na mi kifundo ninachokijua ni kimoja tu, kile mujomba alichonifundisha, cha kuzungusha kamba mara tatu na kurudisha ncha chini. Vidole vilikifunga vyenyewe, akili yangu ilikuwa kwenye kudansi. Ijumaa mwindaji mmoja, Wilondja, akapanda kuangalia, akarudi na kusema mbele ya watu: "Ile dawa, ni Asukulu aliifunga."

Basi Jumamosi, badala ya mapicha, ikawa baraza kwa mkubwa wa kijiji. Mujomba amesimama katikati, mzee mzima, kofia mkononi, na watu waliokula nyama yake miaka yote wanamwambia anataka kuwaroga ili pori libaki lake peke yake, basi ahame. Ahame aende wapi, jamani? Amezaliwa pale, amemzika mke wake pale. Na mi nimesimama mstari wa pili.

"Asukulu, kifundo ni ya nani?" mkubwa akauliza.

"Kifundo ni yangu," mujomba akajibu. "Lakini mukono haiko yangu."

"Sasa mukono ni ya nani?"

Mzee yule hana mtoto wa kiume, kifundo kile alinifundisha mimi peke yangu! Alijua. Alinitazama mara moja tu, bila hasira, akaningoja. Mi nikaangalia viatu vyangu.

Ndipo chef wetu, aliyekuwa amekuja na ordinateur, kompyuta yake, kwa ajili ya yale mapicha, akainuka. "Lakini kamera iko pale pale chini ya dawa. Carte yake, ile inayobeba picha, tuliitoa asubuhi na Wilondja, sijaifungua bado. Si ilimuona aliyefunga?"

Munaamini siku zote hizo sikuwaza hilo hata mara moja? Mi, mchunga kamera!

Wakajisogeza wote. Ikatokea funo. Ikatokea nguruwe pori na watoto wake watatu, wawindaji wakasema eeeh. Halafu pua yangu, kubwa, imejaa kioo kizima. Halafu mikono na kamba. Halafu shati kichwani. Halafu ulimi, na kamera ile inapiga tatu tatu, kwa hiyo ulimi ulitoka mara nyingi. "Mufumu wa Baraka!" mama mmoja akapiga kelele, na jina hilo ninalo mpaka leo. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wilondja akamshika mujomba mikono miwili akaomba msamaha.

Mujomba hakucheka. Alivaa kofia yake. "Mi nilikuwa nangoja aseme yeye mwenyewe," akasema, akaenda zake.

Kamera ile iko pale hadi leo, bila kufuli, bila dawa. Tangu waone wale watoto wa nguruwe, wawindaji wenyewe wanaichunga, kama alivyosema mujomba, na kazi yangu ninayo. Mi nimeapa kifundo kile sikifungi tena, hata kwenye kamba ya mbuzi, na nikikosea nasema siku hiyo hiyo. Nimekuwa nikipanda kumwomba radhi. Juzi nilimpelekea sukari na chumvi. Zamani, akisikia hatua zangu tu, anaita kutoka ndani, "Mwipwa, ingia!" Safari hii alitoka mpaka mlangoni, akapokea kwa mikono miwili, akanipa kiti.

"Merci sana, Monsieur," akasema, kama anavyomwambia chef wetu.