Kilio Kisichoitikiwa

Runinga ya saluni yangu hapa Tunduma ina mkwaruzo kwenye kioo, upande wa chini, na aliyeuweka ni mteja. Alikuwa mama mmoja wa ng'ambo, amevuka mpaka asubuhi kuja kusukwa, kichwa nusu kimeshasukwa nusu bado. Kwenye filamu kulikuwa na mwanaume aliyemfungia mkewe nje kwenye mvua, halafu akakaa mezani anakula taratibu huku mke anagonga mlango. Yule mama akavumilia, akavumilia, mwishowe akarusha kitana kwenye kioo, akimwita mama yake kwa lugha ya kwao. "Awe, mayo! Mwanaume gani huyu!" Jirani yangu, mama anayeuza mitumba, ambaye tunatenganishwa na ukuta wa mbao tu na hufuata filamu zetu zote kwa masikio, akadakia kutoka upande wa pili, "Mpige tena huyo, dada!"

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwanaume yule kwenye runinga ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Nimembeba mgongoni kule kijijini kwetu, Iyula. Kuku akikamatwa kwa ajili ya mgeni, yeye alikuwa anakimbilia kwenye mibuni na kuziba masikio, na harudi mpaka harufu ya mchuzi imfuate hukohuko. Mama mkubwa alikuwa anasema huyu mtoto atakula nyama maisha yake yote bila kujua inatoka wapi. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Ukitaka kumsikia lazima uache kuosha vyombo kwanza.

Halafu akaenda Dar, akawa mtu mbaya. Sijui namna nyingine ya kulisema. Baba wa kambo katili, mganga tapeli, shemeji anayedhulumu wajane, zote alipewa yeye. Watu hudhani kuigiza ubaya ni kupiga kelele na kutoa macho. Mdogo wangu hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaacha kupepesa macho, basi. Anaweka kikombe mezani polepole, anakuangalia, na wewe uliyekaa Tunduma na maji ya moto mkononi unajua kwamba sasa kuna mtu ataumizwa. Mimi niliyemfuta kamasi nilikuwa namwogopa. Nilikuwa pia najivunia, tena bila haya. Kila mteja aliyeketi kwenye kiti changu aliambiwa yule ni wa kwetu, hata kama hakuuliza.

Alikuwa anakuja nyumbani kila alipopata nafasi, na mara moja nilikwenda naye sokoni hapa Tunduma. Tulikuwa tunachagua viazi. Bibi mmoja akamtambua, akasimama mbele yake, akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, kisha akampiga na mwavuli begani. Nikaweka kikapu chini. Mimi nina mdomo, watu wote wa mtaa wetu wanajua. Lakini yeye aliniwahi. Akamwinamia yule bibi, akasema, "Samahani, mama. Nimekoma." Bibi akapoa. Akampa mawaidha marefu kuhusu kuishi na mke kwa upole, naye akasikiliza mpaka mwisho, mfuko wa viazi mkononi, akiitikia ndiyo mama, ndiyo mama.

Njiani nilimgombeza. Kwa nini hukumwambia ni filamu? Mke wako mbona hujawahi hata kumpandishia sauti?

"Dada," akasema, "yule mama amenipiga kwa ajili ya mwanamke ambaye hayupo. Amemhurumia mtu asiyekuwepo. Sasa mtu mwenye moyo kama ule nimwambie nini?"

Nikamnyang'anya ule mfuko wa viazi nikatangulia.

Mama mkubwa hakuwa anatazama filamu za mwanawe. Akija Tunduma kunitembelea, alikuwa anakaa saluni amegeuzia runinga mgongo, anaongea na wateja. Hakutaka kumwona akiwa mbaya na hakutaka kumwona akipigwa, na kwa kuwa kila filamu ilikuwa na kimojawapo, basi mgongo. Ila ipo moja aliyoigeukia.

Ili mnielewe, lazima niseme jinsi tunavyolia kwetu. Mtu anayetoka mbali kuja kwenye msiba haingii kimya. Akifika mwanzo wa mibuni, kabla hajaiona nyumba, anatoa sauti. Analia kwa maneno, anamwita marehemu, anamwambia amechelewa. Wanawake waliokaa ndani na mwili wakisikia, wanamwitikia kwa kilio chao, na wanazidi kumwitikia mpaka anafika mlangoni. Sauti zao ndizo zinazomshika mkono njia nzima. Hata kama ulikosana na ukoo mzima, ukitoa kilio chako unaitikiwa. Sijawahi kusikia mtu akinyimwa hicho.

Katika filamu hiyo, mtu mbaya anarudi kijijini baada ya miaka mingi na kukuta mama yake amefariki. Waongozaji walitaka apige magoti tu kaburini. Yeye akaomba aanze mbali, shambani, na akalia kama wanavyolia Iyula. "Mama! Mama, nimekuja! Nimechelewa, mama, nitazamie njia!" Sauti yake ya chini ikapanda mpaka ikakatika. Siku ile saluni niliona wanawake wenye rangi kichwani wakifuta machozi kwa mataulo yangu.

Alinipigia simu jioni moja akaniambia alivyofanya. Alisema alifumba macho akapita njia ya kwao kichwani: mibuni, mfereji, moshi wa jikoni kwa mama. Kisha akafika jikoni, akakuta hayupo. "Nilimtoa mama, dada," akasema. "Nilimtoa ili watu walie." Walipomaliza kurekodi alimpigia mama yake, wakaongea habari za mbolea, akakata.

Mama mkubwa aliikuta filamu hiyo saluni kwangu. Nilikuwa namwosha nywele zake fupi nyeupe. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho, kile cha karibu na ukuta wa mbao, mgongo kwa runinga kama kawaida. Kile kilio kilipoanza, akashika mkono wangu uliokuwa na povu, akageuka. Alitazama yote. Nikadhani atalia au atakasirika, maana wako wazee wangeona ni uchuro. Yeye akatabasamu, maji yanamchuruzika shingoni.

"Ameshanililia huyu," akasema. "Watu wangapi wanasikia watakavyoliliwa? Mimi nimesikia. Siku yangu hata akikaa kimya, sina neno naye."

Kisha akaniambia niongeze maji ya moto.

Sikumpelekea mwanawe maneno hayo. Nilijua angeumia, na nilidhani muda upo.

Kile kipande cha kilio kikakatwa na watu, kikaanza kuzunguka kwenye simu. Mwanzoni watu walikituma kwa huruma. Baadaye kikawa cha kuchekea. Timu ikifungwa, "Mama, nimechelewa!" Umeme ukikatika, "Mama, nitazamie njia!" Watoto wa hapa mtaani walikuwa wanakiigiza wakitumwa dukani wakakuta limefungwa. Hata mimi nilicheka mara ya kwanza, kwa sababu kilikuwa kinachekesha kweli. Yeye alipoulizwa alisema ni vizuri watu wakicheka, maisha magumu.

Mama mkubwa alifariki msimu wa kuchuma kahawa. Aliugua muda mfupi tu, wala hakukuwa na nafasi ya mtu kusafiri na kumkuta. Nilikwenda Mbeya kumpokea mdogo wangu uwanja wa ndege, kwa hiyo nilikuwa naye, nyuma yake, nimebeba begi lake, tulipoteremka kwenye gari na kuanza kushuka njia ya miguu kuelekea kwao. Alipofika mwanzo wa mibuni alisimama. Nikaona mgongo wake unapanda. Akatoa sauti.

"Mama! Mama, nimekuja! Nimechelewa, mama..."

Ilikuwa ileile. Ingekuwaje nyingine? Ni kilio chake, alikuwa nacho kimoja tu, ndicho alichokitoa kule kwenye filamu. Na mtu fulani, uani, akacheka. Siyo kwa ubaya. Ni kile kicheko kinachomtoka mtu kabla hajajua kimetoka. Kisha watoto wakaja mbio kati ya mibuni, na vijana nyuma yao, simu zimeshainuliwa. Mmoja akawa anamalizia maneno pamoja naye, "nitazamie njia", kama watu wanaoimba kiitikio. Wanawake waliokuwa ndani wakasikia vicheko. Wakanyamaza, hawakujua kama ni mgeni amefika au ni watoto wanacheza na simu.

Mimi nilikuwa upande wa wanaokuja, na anayekuja haitikii. Nilisimama pale na begi, nikingoja sauti hata moja kutoka ndani. Haikutoka.

Akafunga mdomo. Nilimwona akiufunga. Akapita katikati ya zile simu, akawasalimia vijana, akaingia ndani kwa miguu yake mwenyewe bila sauti ya mtu kumpeleka.

Hakulia tena. Hakulia kanisani, hakulia kwaya ilipoimba, na alipotupa udongo uso wake ulikuwa mkavu, kwa sababu popote alipogeuka palikuwa na simu inamtazama ione kama atafanya ile. Mpaka leo watu wa kwetu wanamsema. Mjomba mmoja alisema wazi kwenye moto, wakati watu wanakula, kwamba kwenye filamu machozi yanajaa ndoo, kwa mama yake mzazi hata tone. Nikainuka. Nilikuwa na ya kumwambia mjomba yule mpaka asubuhi. Mdogo wangu akanishika kifundo cha mkono chini ya kanga, akanikalisha. Kisha akaenda kuwasaidia wanawake kubeba maji.

Siku ya kunyoa wafiwa ilipofika, vijana walikuwa wameshakaa tayari uani, maana walisikia msanii atanyolewa upara. Akaniuliza kwa sauti yake ya chini kama naweza kumnyoa mimi, Tunduma. Wazee wakaafiki, mradi mkono ni wa ukoo. Tukaondoka asubuhi, tukafika, nikamwingiza saluni nikafunga mlango na pazia. Mwenyewe akaenda kukaa kiti cha mwisho, karibu na ukuta wa mbao. Nikakata nywele kwa mashine, kisha nikachukua wembe.

Nilipofika nyuma ya sikio, mabega yake yakaanza. Nikaelewa. Nikawasha draya zote mbili za kukaushia nywele, zikavuma kama mashine ya kusaga, nikamwambia, "Lia, mdogo wangu. Hakuna anayekusikia."

Akaanza, "Mama, nimekuja," halafu akakata. Akajitazama kwenye kioo, nusu ya kichwa nyeupe, nusu nyeusi.

"Ni ileile, dada. Umesikia? Nikifungua mdomo inatoka ileile. Sina nyingine."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimweleza jinsi mama yake alivyogeuka, povu, mkono wangu, na maneno yote kama alivyoyasema. Watu wangapi wanasikia watakavyoliliwa. Akanisikiliza bila kupepesa macho.

"Alikaa wapi?"

"Hapo ulipokaa."

Akaishika mikono ya kile kiti. Kisha akalia. Alilia ileile, neno kwa neno, kuanzia mwanzo, kutoka kwenye mibuni, ila sasa kwa nguvu ambayo draya hazikuweza kuifunika. Na mimi nikamwitikia. Niliweka wembe chini nikamwitikia kama wanawake wa Iyula wanavyotakiwa kuitikia, karibu baba, karibu, mama yako tunaye huku, na nikazidi, na yeye akazidi, na nikaona njia nzima machoni kwangu, mfereji, jiko, na yeye anashuka anakaribia mlango. Alikuwa amebakiza kidogo tu afike.

Ukuta wa mbao ukagongwa.

"Jamani, punguzeni!" Alikuwa jirani yangu wa mitumba. "Hilo lifilamu tumeshalichoka! Kila siku anamlilia mama yake!"

Damu ikanipanda. Nilikuwa nimeshaufikia ule ukuta, mkono juu, matusi yamejaa mdomoni, pale aliponishika kiwiko. Akazima draya moja, akazima na ya pili. Akausogeza uso wake karibu na mbao, machozi bado yanamshuka, akasema kwa ile sauti ambayo lazima uache kuosha vyombo ndipo uisikie:

"Samahani, mama. Tunapunguza."

Kisha akarudi kwenye kiti, akainamisha kichwa nimalizie.