Uzi wa Kunusa

Fundi wa kuosha mazulia, jirani wa kibanda changu cha cherehani, haloweshi zulia kabla ya kuchomoa uzi mmoja, kuuchoma kwa kiberiti na kuunusa. Ukinuka nywele, ni sufu: maji baridi, mkono mwepesi. Ukinuka plastiki, ni nailoni: povu na brashi ngumu. Kila mara hunisogezea uzi puani. “Unasemaje, dada?” Nami humjibu, nikidhani ananifundisha kazi. Jana chupa ya dawa ya madoa ilimwagika nyuma yake, harufu ikanitoa mbio hadi barabarani, nakohoa. Yeye hata hakugeuka. Alikuwa ameinama palepale, anavuta pumzi, anavuta tena, juu ya uzi uliokwisha kuzimika. “Unasemaje, dada?” akaita. “Dada? Si uko hapo?”