HD ya Bamkubwa

Bamkubwa wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, lakini mtaani hakuna anayemwita fundi. Wanamwita Mtangazaji. Jina alilipata kwa TV yake. Ilikuwa na chenga, yaani mechi ikianza unadhani wachezaji wamemwagiwa gunia la chumvi. Mpira huuoni, refa humwoni. Basi Bamkubwa anakaa nyuma kabisa, kwenye kiti chake kirefu ukutani, anazima sauti ya TV, anatutangazia mwenyewe. Ukimuuliza kwa nini amezima, anakwambia watangazaji wawili hawakai sebule moja.

"Huyoo anakwenda! Ameangushwa! We refa, hayo macho au vifungo vya shati?"

Sisi chini kwenye mkeka tunashangilia kwa imani tu. Akisema goli, ni goli. Utambishia nini mtu na wewe mwenyewe unaona chumvi?

Raha hiyo ikaingia mdudu siku kinyozi wa kona alipofunga HD pale saluni. Watu wakaanza kuhama mmoja mmoja kama kuku waliosikia mtama unamwagwa kwa jirani.

"Mtangazaji, kule unaona mpaka jasho la kipa," wakamwambia.

"Jasho la kipa mtalipaka mkate?"

Alijibu hivyo, lakini Jumamosi iliyofuata sebuleni tulibaki mimi na Mamkubwa, naye Mamkubwa alikuwa anafuma kitambaa, hata haangalii. Bamkubwa alitangaza kipindi cha kwanza. Cha pili akanyamaza. Sijawahi kumwona mtu mzima amenyong'onyea vile kwa ajili ya mpira.

Kesho yake akavuka barabara kwenda kwa fundi wa madishi, bwana mmoja mwembamba ambaye miwani yake ni minene kama vitako vya chupa. Wakakubaliana: mmoja atafungiwa HD, mwenzake atachomelewa geti.

Geti ndilo lililotangulia. Nilimsaidia kulibeba, na ukweli ni kwamba lilikaa upande. Ili lifunge, ilibidi ulinyanyue kwa goti.

"Mtangazaji, hili geti limelala," fundi wa madishi akalalamika.

"Ukuta wako ndio umelala. Geti liko wima. Kwanza weld zile umezitazama? Zimenyooka kama uzi!"

Na kweli weld, yale maungio ya chuma, zilikuwa safi, maana ukizikaribia ni kazi ya mkono mzuri kabisa. Tatizo lilikuwa ukirudi nyuma ukalitazama geti zima.

Fundi wa madishi akaliacha hivyo hivyo, akaja kutimiza ahadi. Akapanda juu ya bati, akabadilisha kichwa cha dishi, akavuta waya mpya, akaweka king'amuzi kipya, na zile nyaya za rangi rangi kule nyuma ya TV akazing'oa, akachomeka waya mmoja mnene. Picha ikaja. Ndugu yangu, picha ikaja! Nilihesabu majani ya uwanja mpaka nikachoka.

Habari haina miguu lakini inakimbia. Siku ya mechi sebule ilijaa mpaka mlangoni. Hata kinyozi mwenyewe alikuja, eti amekuja kumsalimia Mamkubwa. Bamkubwa akapanda kiti chake, akazima sauti, akakohoa kidogo, mambo yakaanza.

"Namba tisa huyoo, anapangua mmoja, anapangua wawili..."

"Mtangazaji," mtu akasema taratibu, "huyo ni refa."

Watu wakacheka, yeye akacheka pia, akajifanya ni utani wake. Mara goli likaingia, tukaruka wote. Hatujakaa vizuri, Bamkubwa akapiga yowe:

"La pili! Jamani, la pili hilo!"

"Hayo ni marudio, Mtangazaji!"

Safari hii alicheka kila mtu isipokuwa yeye. Kinyozi, huku ameshika mbavu, akasema, "Mpeni mzee rimoti, awashe sauti tu."

Bamkubwa akashuka kwenye kiti kile. Nikajua leo jina linakwenda. Akamgeukia fundi wa madishi, aliyekuwa amekaa mkekani.

"Wewe umeniuzia HD feki! Chenga zile zile!"

"Chenga ziko wapi, Mtangazaji? Kila mtu anaona!"

"Mimi sioni!"

"Ndiyo nimekuwa nikikwambia," Mamkubwa akasema bila kuinua macho kwenye kitambaa chake. "Juzi umelikaribisha chai koti langu, nikanyamaza."

Fundi wa watu, kwa aibu, akavua miwani ajifute jasho. Bamkubwa akaipokonya. "Hebu nione unachoona wewe, kipofu mkubwa!" Akaivaa ili amkejeli.

Akaganda.

Akatazama TV. "Kumbe kipa ana ndevu," akasema kwa sauti ndogo. Akamtazama Mamkubwa kwa muda mrefu.

"Nini?" Mamkubwa akauliza.

"Una mvi."

"Na wewe ungejiona!"

Halafu akageuka mlangoni, macho yakavuka barabara, akaruka kama aliyekanyaga moto. "Nani amechomelea geti lile? Limeinama kama mlevi anatafuta ufunguo!"

Sote tulimtazama yeye. Akashusha pumzi, akarudi kupanda kiti chake polepole, miwani puani. Fundi wa madishi akanyoosha mkono hewani, akaliomba kochi akidhani ndiye Bamkubwa.

"Nirudishie basi, sioni kitu!"

"Huoni?"

"Naona chenga tupu."

Bamkubwa alicheka kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu saluni ipate HD. Akamvuta mwenzake, akamkalisha pembeni ya kiti.

"Tulia hapa, nikutangazie. Namba saba, yule mwenye kamba ya kiatu iliyofunguka, anasogea. Anamtazama kipa. Kipa anajikuna ndevu..."

Kinyozi akainuka kuifuata rimoti. Sebule nzima ikamfokea akae chini.

"Na geti langu?" fundi akauliza, macho kayafinya.

"Kesho nalishusha, nalianza upya. Sasa nyamaza, kona inapigwa."