Kifaa cha Mzee Mwinyimvua na Lumbesa ya Viazi

Zamani Mzee Mwinyimvua akinadi samaki pale Feri, watu wa Kigamboni walikuwa wanapandisha dau bila kuvuka maji. Sauti ilibaki, masikio ndiyo yakaondoka. Siku hizi alisikia kwa kifaa kidogo kama korosho, kinachokaa sikioni. Na siku yenyewe ya kumwozesha bintiye Khairunnisa, jua la mchana limesimama juu ya Kariakoo, akapapasa sikio akalikuta tupu.

Bila kifaa asingemsikia bwana harusi akikubali. Uwalii, yaani kazi ya kumwozesha binti, ungemwangukia mdogo wake Ismail, ambaye tangu alfajiri alishapiga pasi kanzu, kwa matumaini tu.

Binti yake mkubwa, Waridi, akatoa simu. "Kinaongea na hii, baba. Mawimbi yakija na nguvu duara linavimba, kipo karibu. Likinywea, kipo mbali."

"Nini?"

Akarudia kwa kupayuka, hadi Zakayo muuza viazi akaacha kupima.

Mzee akafikiri. "Wewe umenishika bega na nakusikia kama uko kule mtaa wa Gerezani. Sasa uko Gerezani?"

Wakaanzia kwa Zakayo, kwenye lumbesa iliyofunguliwa, gunia lililoshindiliwa kupita mdomo, walikokuwa wakichagua viazi vya karamu. Duara likawa punje ya ulezi. Wakasogea ng'ambo, kwenye mlango wa chuma wa stoo. Likavimba kama andazi. Wakapekua stoo, wakahamisha mizani, wakamhamisha na paka. Hamna. Kurudi kwenye viazi, likanywea. Mzee akaanza kuamini kifaa kimeota miguu.

Kariakoo hawakuachi utafute peke yako. Wakaja makuli, akaja Mektilda mama lishe na mwiko wake, akaja na mmoja aliyetaka tu kujua kuna nini. Kila aliyeinama kusaidia, duara likapungua, mpaka likazimika.

"Kimeshafika Morogoro hicho," Mektilda akasema. "Mzee, mwachie mdogo wako aozeshe."

Hakusikia, ila midomo aliiona.

Ikaadhiniwa alasiri. Mzee aliona tu watu wanamkimbia, huyu msikitini, yule kazini kwake. Waridi akabaki ameinama juu ya lumbesa, na duara likaanza kuvimba bila yeye kusogea hata kidole. Akaizamisha simu katikati ya viazi. Likajaa kioo kizima. Zakayo akamwaga gunia, kifaa kikabingirika hadi kwenye ndala za mzee.

Akakivaa. "Mbona kimekaribia watu walipoondoka?"

"Maji, baba. Viazi vimejaa maji, na watu vilevile. Mawimbi yanazama humo, yanatoka yamechoka, simu inadhani yametoka mbali. Na chuma kinayarudisha."

"Kwa hiyo watu ni viazi?"

"Baadhi," Zakayo akasema, na mzee akamsikia.

Baada ya isha akaozesha mwenyewe. Bwana harusi, mkono wake umo mkononi mwa mzee, alijibu kwa sauti ya mbu. Mzee Mwinyimvua akalisikia kila neno, kisha akamtazama sana, asijue huyu kijana yupo karibu kweli, au mbali.