Amana ya Mzee Bilali

Bi Swaumu Bilali wa Likunja, huko Ruangwa, hakuwa mtu wa kulala ugenini. Hata harusi ya ndugu akienda, jioni utamkuta njiani anarudi. Watu walisema ni uchoyo wa mikorosho yake, anaogopa kuibiwa. Waache waseme. Mwenzao alikuwa analinda sanduku.

Lilikuwa sanduku la bati lenye kufuli. Lilifika kwa baba yake wakati wa vita vya Msumbiji, yeye akiwa msichana aliyemaliza shule juzi tu. Wapiganaji walikuwa wanafundishwa Nachingwea, na watu wa huku kila wakisikia mngurumo walitazama juu, wakihofia ndege za Mreno. Ruangwa yote ilikuwa bado chini ya Nachingwea. Basi mkuu wa wilaya wa siku hizo hakutaka karatasi zake zote zilale chini ya paa moja. Karani wake, bwana Fortunatus, akapakia sanduku kwenye Landrova, akalileta kwa rafiki yake Mzee Bilali.

"Mzee, hii amana. Humu mna karatasi za mkuu, mambo ya vita. Usimpe mtu mpaka atoke ofisini kwetu na aseme kwa kinywa chake: nimepokea."

"Itakaa," akasema Mzee Bilali.

Ikakaa kweli. Watu walipohamishiwa vijijini, Swaumu alilibeba kichwani, vyungu vikafuata baadaye. Vita vikaisha. Fortunatus alikuwa amehamishwa kwenda Songea, na huko akafariki. Hakuna aliyekuja kuuliza. Mzee Bilali alipozidiwa, alimshika binti yake mkono. "Nakwenda na amana ya watu shingoni, mwanangu. Nivue."

Amvueje? Akienda ofisini, si ataulizwa karatasi za serikali kazipata wapi? Akinyamaza, mchwa watazila, na baba yake huko aliko atajibu nini? Basi akaliweka pale wanawake wa kwetu wanapoweka mbegu, kwenye uchaga juu ya moto wa jikoni, moshi ulifukize, mdudu asilisogelee. Hilo lilikuwa la mdudu. La mkono wa binadamu akalipatia dawa nyingine: akatangaza kwamba ndani mna vitu vya jandoni vya marehemu baba yake, na atakayevigusa atadhurika.

Ee, nani tena angegusa! Mumewe Masoudi, mwanaume aliyepigana na chui, alikuwa akiingia jikoni anainama asipitishe kichwa karibu nalo. Mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, watu walipokuwa wanatupa sabuni na khanga maporini kwa hofu ya kukaguliwa, mgambo Halfani aliingia hadi jikoni. Akatazama juu.

"Na lile?"

"Vya jandoni. Panda ulishushe."

Halfani aliondoka hata chai hakunywa. Swaumu alikaa chini palepale kwenye majivu.

Mwaka huu, baada ya mfungo, presha ilimwangusha shambani. Alipopata nafuu akamwita bintiye Faudhia, akamweleza yote.

"Mama! Mimi tangu nazaliwa naogopa karatasi?"

"Ndivyo nilivyotaka."

"Na marehemu baba?"

"Alikufa anaogopa. Mungu amrehemu. Kesho tukodi bajaji, twende Nachingwea. Nikifa nalo, nitamtazamaje baba yangu?"

Ofisini kwa mkuu wa wilaya walipokelewa na kijana mpole, Ramadhan. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa. "Bibi, sasa kitu kama hiki sina uwezo nacho mimi. Ngoja nimwite mama wa masjala."

Swaumu aliposikia kijana anakwenda kumwita mkubwa, alijua anaitiwa polisi. Akamnong'oneza Faudhia, "Wakinichukua, wewe nenda nyumbani. Kuku hawajafunguliwa."

Aliyetoka alikuwa mama mnene, Lusia, Mngoni wa Songea. Alilizunguka sanduku jeusi kwa masizi. Uso haukuonyesha kitu.

"Mama ni kabila gani?"

"Mmwera."

"Nilijua tu. Wamwera mmeanza lini kuiba karatasi za serikali?"

Swaumu alimkamata Faudhia mkono, kisha akauona mdomo wa yule mama unatetemeka kwa kuzuia kicheko. Utani! Akamjibu, "Tangu ninyi Wangoni mlipoacha kutuiba sisi wenyewe."

Lusia alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi akaletwa na msumeno, kufuli likakatwa. Kabla sanduku halijafunguliwa Swaumu akafumba macho. Miaka yote hiyo hakuwahi kujua kama analinda karatasi au vumbi.

"Mtani, fumbua macho."

Majalada yalikuwa yamepangwa wima, kahawia kama kahawa, mazima. Lusia akafunua moja, akasoma kwa sauti: mablanketi yanaombwa kwa ajili ya wageni waliovuka Ruvuma, mihogo imetolewa na watu wa Malolo, na wa Narung'ombe. Herufi zote zilisomeka. Akainusa karatasi. "Yananuka kama samaki wa kubanika, lakini hayana hata tundu. Ahsante, mama. Mwachie kijana jina lako."

"Hujasema."

"Kusema nini?"

"Sema kwa kinywa chako."

Faudhia akaeleza. Lusia akaacha kucheka. Akajitengeneza kitambaa kichwani, akasimama wima mbele ya bibi kizee.

"Amana ya Mzee Bilali imefika. Nimepokea."

Swaumu aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akaomba maji, akanywa kikombe chote.

Wakati wa kurudi walipanda basi. Hata Nachingwea haijaisha, alikuwa ameshalala begani kwa bintiye, mdomo wazi, anakoroma abiria wakigeuka. Alipoamka, nje hakukuwa na mti anaoujua.

"Faudhia! Hapa wapi?"

"Tumeipita Ruangwa, mama. Konda aliita, nikashindwa kukuamsha. Sijapata kukuona umelala hivyo."

Bi Swaumu alitazama dirishani. "Nani yuko huku?"

"Shangazi Saada."

"Basi tukalale kwa Saada," akasema, akarudisha kichwa begani.